Mdhibiti wa bei anadhibitiwa na nani?

(Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni)

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi bei mpya za mafuta hutangazwa nchi nzima. Dereva wa daladala husikiliza redio kabla hajatia ufunguo, mwenye bodaboda huchungulia ubao wa sheli, na mama anayechukua samaki Feri hujua bila kuambiwa kwamba dizeli ikipanda, gari la kumfikishia mzigo Mbagala nalo litataka zaidi. Bei hizo, zinazoitwa bei kikomo, hazipangwi na mwenye sheli wala hazipangwi na Waziri. Hupangwa na EWURA, yaani Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji. Chombo hicho hicho ndicho kinachoidhinisha bei ya uniti za umeme unazonunua kwa LUKU, na bei ya uniti ya maji inayoandikwa kwenye ankara yako, hata ile miezi ambayo bomba limetoa hewa tupu.

Juma hili, ndugu msikilizaji, nataka tuzungumze juu ya swali ambalo limekuwa likiulizwa vijiweni kwa namna mbalimbali. Huyu anayemdhibiti TANESCO, anayezidhibiti mamlaka za maji na makampuni ya mafuta, yeye anadhibitiwa na nani? Jibu fupi ni kwamba anadhibitiwa na Bunge, kwa niaba yako. Jibu refu ni kwamba kati ya Mamlaka na Bunge pana kitu kimoja kinachoitwa ripoti ya mwaka, na ripoti hiyo ina safari yake. Wengi wetu hatuijui safari hiyo, na nina wasiwasi kwamba hata baadhi ya waheshimiwa tuliowachagua huikumbuka pale tu mambo yanapoharibika.

Tuanze na asili yake. Kwa muda mrefu umeme nchini mwetu uliendeshwa chini ya sheria ya kikoloni ya mwaka 1931, ambayo iliondolewa rasmi na Sheria ya Umeme ya mwaka 2008. Katika zama hizo shirika lilikuwa la Serikali, bei ilikuwa ya Serikali, na mlalamikiwa alikuwa Serikali. Hapakuwa na haja ya mwamuzi kwa sababu timu ilikuwa moja uwanjani. Miaka ya tisini mambo yakageuka. Ukaja ubinafsishaji, ukaja ushindani, wakaja wawekezaji. Mwaka 1995 ulitiwa saini mkataba wa IPTL, kampuni binafsi iliyojenga mitambo ya megawati 100 pale Tegeta, na TANESCO ikajikuta imeahidi kulipia uwezo wa mitambo hiyo hata siku ambazo haizalishi umeme. Mkataba wa namna hiyo unahitaji mtu wa kuuliza maswali: gharama hizi zimetoka wapi, na nani atazilipa? Wa mwisho kuzilipa ni mwenye mita.

Hivyo Bunge likatunga Sheria ya EWURA mwaka 2001, ambayo leo ni Sura ya 414 ya sheria zetu. Lakini sheria kupitishwa ni jambo moja, na ofisi kufunguliwa ni jambo jingine. Mamlaka ilianza kazi Septemba 2006. Kwa miaka mitano sheria ilikuwa kwenye kabati.

Tazama yaliyopita katika miaka hiyo mitano. Agosti 2003 kampuni ya City Water ilikabidhiwa kuendesha huduma ya maji jijini Dar es Salaam, na Mei 2005 Serikali ikauvunja mkataba wake kwa madai kwamba kazi haikwenda kama ilivyokubaliwa. Wateja wa Dar es Salaam walikuwa wamebadilishiwa mwenye maji mara mbili bila kuwapo mdhibiti wa kuwasikiliza. Kisha, Juni 2006, nchi ikiwa katika ukame na mgawo wa umeme, ukatiwa saini mkataba wa Richmond. Mitambo ilichelewa kufika. Miezi mitatu tu baada ya saini hiyo ndipo mdhibiti akafungua mlango wa ofisi yake. Sisemi kwamba EWURA ingalikuwapo basi hayo yote yasingetokea. Nasema kwamba mwamuzi aliingia uwanjani mabao yameshafungwa.

Sasa tuangalie mtu huyu ametengenezwaje. Sheria ilitaka awe huru. Mwenyekiti wa Bodi huteuliwa na Rais. Bei haipangwi chumbani. TANESCO au mamlaka ya maji ikitaka kupandisha, hupeleka maombi, yanatangazwa, na kisha huitishwa mkutano wa wazi wa kukusanya maoni, ambao wenyewe wanauita mkutano wa taftishi. Ni neno zuri la Kiswahili ambalo wengi huliona mara ya kwanza kwenye tangazo gazetini, wakadhani ni la upelelezi wa polisi. Maana yake ni kuchunguza jambo kwa kuuliza. Katika mkutano huo hukaa pia Baraza la Ushauri la Watumiaji, ambalo limeundwa na sheria hiyo hiyo ili limsemee mteja. Asiyeridhika na uamuzi anaweza kukata rufaa kwenye Baraza la Ushindani.

Uhuru huo una sababu zake. Bei ya umeme ikiachwa mikononi mwa wanasiasa, mwaka wa uchaguzi haitapanda hata kama gharama imepanda, na mwaka unaofuata itapanda mara mbili. Shirika litadaiwa, mitambo haitatengenezwa, na giza litarudi. Ndiyo maana sheria ikasema Waziri anaweza kuipa Mamlaka maelekezo, lakini siyo katika ile kazi yenyewe ya udhibiti. Tena maelekezo hayo yawe kwa maandishi na yatangazwe katika Gazeti la Serikali. Naomba msikilizaji uikumbuke sehemu hiyo, maana tutairudia.

Upande wa fedha nako kuna jambo. EWURA haiishi kwa kutegemea fungu la Hazina kama idara ya wizara. Huishi kwa ada za leseni na kwa tozo inayokatwa kwenye mapato ya wale inaowadhibiti, tozo ambayo kwa mujibu wa sheria haizidi asilimia moja. Ni kidogo ukiisikia. Lakini asilimia moja ya mafuta yote, umeme wote na maji yote yanayouzwa nchini si fedha ya kununulia kashata. Na kwa kuwa mwenye biashara huiingiza katika gharama zake, anayeitoa hasa ni wewe, kila unapojaza lita moja au kununua uniti kumi.

Hapo ndipo Bunge linapopata shida. Wale wanaofuatilia vikao vya bajeti Dodoma wanajua silaha ya mbunge inayoitwa kushika shilingi. Mbunge asiporidhika na maelezo ya Waziri husimama, akatamka kwamba anashika shilingi ya mshahara wake, na Waziri hulazimika kujieleza mpaka shilingi iachiwe. Ni silaha nzuri kwa wizara, kwa sababu wizara huja Bungeni kila mwaka kuomba fedha. Mdhibiti haji kuomba. Fedha zake zimeshapatikana kwenye pampu ya mafuta. Shilingi ya kumshika haipo. Kinachobaki mkononi mwa Bunge ni taarifa: Mamlaka ieleze imefanya nini, imekusanya kiasi gani, imetumia vipi, na wananchi wamepata nini.

Kwa hiyo taarifa ni bei ya uhuru. Hatukuingilii katika maamuzi yako, lakini baada ya mwaka njoo utueleze. Ukiuondoa upande wa pili wa mapatano hayo, unabaki na ofisi inayotoza fedha za umma na kupanga bei za umma bila kumwogopa mtu.

Taarifa hufika Bungeni kwa njia zaidi ya moja. Ya kwanza ni ripoti ya mwaka yenyewe. Bodi huiandaa na kuipeleka kwa Waziri mwenye dhamana, na Waziri ndiye anayetakiwa kuiwasilisha mezani Bungeni. Ya pili ni Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye hukagua hesabu na kumkabidhi Rais ripoti kila mwisho wa Machi, kisha ripoti ikaenda Bungeni na kuangukia mikononi mwa Kamati ya Hesabu za Serikali. Kamati hiyo ina uwezo wa kumwita Mkurugenzi Mkuu akae mbele yake, afungue vitabu, ajibu. Kadhalika zipo kamati za kisekta, na yapo maswali ya kawaida ya wabunge, ambayo Katiba yetu katika ibara ya 63 imeyapa nafasi kabisa: mbunge anaweza kumuuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo chini yake.

Angalia tofauti moja kati ya njia hizo mbili za kwanza. Kwa ripoti ya Mkaguzi Mkuu, Katiba haikuacha mwanya. Ibara ya 143 inataka iwasilishwe kabla ya kupita siku saba tangu kikao cha Bunge kuanza, na Rais asipochukua hatua, Mkaguzi mwenyewe ataipeleka kwa Spika. Aliyeiandika ibara hiyo alijua binadamu. Alijua kwamba ripoti inayomuudhi mkubwa inaweza kusahaulika kwenye droo, akaweka mlango wa uani. Kwa ripoti ya mdhibiti wa nishati na maji hakuna mlango wa pili wa aina hiyo. Inapita kwa Waziri.

Majirani zetu wa Kenya wana sheria ya mwaka 2013 inayohusu kanuni zinazotungwa na mawaziri na mamlaka mbalimbali. Kanuni ikishatangazwa inatakiwa ifikishwe Bungeni ndani ya siku saba za vikao, na isipofikishwa inapoteza nguvu yenyewe, bila mtu kwenda mahakamani. Hiyo inahusu kanuni, siyo ripoti za mwaka, lakini funzo lake ni la kuchukuliwa. Siku ya mwisho isiyo na adhabu ni kama foleni isiyo na mstari.

Tena kuweka mezani si kujadili. Ukisoma Taarifa Rasmi za Bunge utaona mwanzo wa kikao: hati zilizowasilishwa mezani. Waziri husimama, hutaja jina la ripoti, huketi. Imechukua nusu dakika. Kisheria wajibu umetimia. Kama hakuna kamati iliyoichambua ripoti hiyo na kuileta tena na maswali, basi imeingia maktaba na imelala. Na kamati zetu zina mzigo. Mashirika na taasisi za umma zilizo chini ya Msajili wa Hazina ni zaidi ya 200. Kuanzia 2008 palikuwa na kamati maalumu ya hesabu za mashirika ya umma, mwanzoni mwa 2013 ikaunganishwa na Kamati ya Hesabu za Serikali, na baadaye ikaundwa nyingine ya kuangalia uwekezaji wa mitaji ya umma. Kila mara watu wanaanza upya kujifunza nani anamuuliza nani.

Tuseme ukweli lakini: Bunge letu likiamua, linaweza. Agosti 2011 EWURA ilishusha bei ya mafuta na makampuni yakagoma kuuza. Magari yalipanga foleni usiku kucha, petroli ikauzwa kwenye chupa za maji vichochoroni kwa bei ya kuruka. Suala likaingia Bungeni, wabunge wakawaka, Serikali ikatoa saa 24, na kampuni ya BP Tanzania ikafungiwa leseni kwa miezi mitatu. Kabla ya hapo, Februari 2008, Kamati Teule iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe ilisoma ripoti yake juu ya Richmond, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu pamoja na mawaziri wawili. Novemba 2014 Kamati ya Hesabu za Serikali chini ya Zitto Kabwe, ikiwa na ukaguzi maalumu wa Mkaguzi Mkuu mkononi, ilileta suala la akaunti ya Tegeta Escrow, lililohusu zaidi ya shilingi bilioni 300. Mwanasheria Mkuu alijiuzulu, waziri mmoja akaondolewa, na mwingine akajiuzulu Januari 2015.

Yote hayo ni kuzima moto. Nyumba ilikuwa imeshawaka. Escrow ilikuwa ni tawi la mti uleule uliopandwa mwaka 1995, na katika miaka karibu ishirini ya katikati bei ya umeme ilikuwa inapanda, malipo ya mitambo yanakwenda, na karatasi zinapita mezani. Januari 2012 bei ilipanda kwa wastani wa asilimia 40.29. Januari 2014 ikapanda tena kwa asilimia 39.19. Kila mara shirika liliomba zaidi ya hapo na EWURA ikapunguza, jambo la kuisifu. Lakini ni mbunge gani aliyefungua ripoti ya mwaka uliotangulia na kuuliza: katika ongezeko hili, sehemu ipi ni gharama ya mafuta ya kuendeshea mitambo ya dharura, sehemu ipi ni deni, na sehemu ipi ni uzembe? Swali kama hilo halina vigelegele. Halitoi kichwa cha habari. Lingeokoa fedha.

Sasa turudi kwenye ile sehemu niliyoomba uikumbuke. Mwishoni mwa Desemba 2016, baada ya taftishi na hatua zote, EWURA ilitangaza kwamba umeme utapanda kwa wastani wa asilimia 8.5 kuanzia Januari mosi 2017. TANESCO ilikuwa imeomba asilimia 18.19. Kabla bei haijaanza kutumika, Waziri wa Nishati wa wakati huo, Profesa Sospeter Muhongo, aliisimamisha, na siku ya mwaka mpya Rais Magufuli akamwondoa kazini Mkurugenzi Mtendaji wa TANESCO.

Wananchi tulishangilia. Mimi mwenyewe hununua LUKU, sikulia. Lakini hebu tuliweke jambo hilo mezani kwa utulivu. Kama hesabu za EWURA zilikuwa na makosa, basi sheria ina njia: rufaa kwenye Baraza la Ushindani, au Bunge kuiita Mamlaka ieleze ilipitisha vipi. Kama hesabu zilikuwa sahihi, basi pengo lililobaki lilikuwa lazima lijazwe na mtu, ama kwa ruzuku, ama kwa deni, ama kwa kuahirisha matengenezo. Kwa vyovyote vile, swali la nani amelijaza ni swali la Bunge. Tukiridhika kwamba mkubwa amesema na bei haikupanda, tumejifundisha wenyewe kwamba mdhibiti ni pambo. Na mdhibiti aliyeona hivyo, mara nyingine atapanga bei kwa kutazama uso wa mkubwa badala ya vitabu.

Uhusiano wa Bunge na wanaoliletea taarifa nao una historia yake. Mwaka 2019 Mkaguzi Mkuu, Profesa Mussa Assad, aliitwa mbele ya kamati kwa sababu alikuwa ameutaja udhaifu wa Bunge katika kufuatilia ripoti zake, na Aprili mwaka huo Bunge likaazimia kutofanya naye kazi. Novemba akateuliwa mwingine. Anayeleta ripoti akiadhibiwa kwa kusema haisomwi, wanaofuata watajifunza kuandika ripoti zisizoudhi. Picha nyingi za semina, maneno machache ya hesabu.

Kwa hiyo wewe na mimi tutazame nini? Mimi nikiipata ripoti ya mdhibiti siendi kwenye dibaji ya mwenyekiti. Naenda kwenye malalamiko: mangapi yamepokelewa, mangapi yamemalizika, na yamechukua muda gani. Kisha natazama rufaa zilizokwenda Baraza la Ushindani na nani ameshinda. Halafu tozo iliyokusanywa, na kiasi kilichofika kwa Baraza la Watumiaji, kwa sababu msemaji wa mteja asiye na nauli ya kwenda kwenye taftishi hawezi kumsemea mtu.

Upande wa maji, EWURA hutoa kila mwaka ripoti ya utendaji wa mamlaka za maji, ikizilinganisha moja kwa moja, mji kwa mji. Humo mna hesabu ya maji yanayopotea, yaani yaliyozalishwa lakini hayakulipiwa na mtu, kwa mabomba kupasuka, mita mbovu au wizi. Kipimo kinachokubalika ni asilimia 20. Wastani wa nchi umekuwa takribani theluthi moja ya maji yote au zaidi. Unaponunua dumu kwa mkokoteni, theluthi hiyo inatiririka mahali fulani chini ya barabara, na gharama ya kuisukuma imo kwenye bei anayotozwa jirani yako mwenye bomba.

Ripoti hiyo si siri. Mbunge wa mji wenye mabomba makavu anaweza kuingia nayo Bungeni asubuhi, akaisoma namba ya mji wake na namba ya mji wa jirani, na kumuuliza Waziri tofauti hiyo imetoka wapi. Safari nyingine mheshimiwa wako akija jimboni kukusalimu, baada ya salamu na baada ya soda, muulize jambo moja tu: ripoti ya mwisho ya mdhibiti iliwekwa mezani tarehe ngapi, na kamati iliyoichambua ilisema nini. Tarehe imeandikwa kwenye Taarifa Rasmi za Bunge, na siku hiyo atakuwa ama amekwisha kuisoma, ama atakwenda kuitafuta.